Baba, Mgongo Huo Unauma Wapi?

Ndugu msomaji, leo nataka kusema jambo ambalo wazee wengi hawapendi lisemwe na kijana. Na mimi ni kijana. Nina miaka 26. Nilisomea uganga kwa miaka miwili, nikapata cheti, na sasa natibu watu katika zahanati ya kijiji. Watu huniita daktari, lakini mimi si daktari. Mzee wa miaka 60 akiingia chumbani kwangu mimi humwamkia shikamoo kabla sijamwuliza anaumwa nini. Naye hunijibu, "Marahaba mwanangu." Hapo ndipo taabu inapoanza. Baba atamwambiaje mwanawe kwamba nguvu zake za kiume zimepungua?

Hamwambii. Humwambia kwamba mgongo unauma.

Nitaeleza kisa kimoja. Mwenyewe ameniruhusu nikiandike, ila jina lake nisilitaje. Mzee huyo alikuwa na miaka 57 alipokuja zahanati mara ya kwanza. Alisema mgongo unamsumbua na kiuno kimelegea. Nilimbonyeza mgongo, nikamwambia ainame, ainuke, sikuona kitu. Ulikuwa wakati wa palizi, nikafikiri ni jembe tu. Nikampa vidonge vya kutuliza maumivu. Baada ya miezi miwili akarudi. Mgongo ule ule. Nikampa vidonge vile vile. Mara ya tatu alikaa kitini muda mrefu, akatazama dirishani, kisha akauliza kama hakuna dawa ya kutia nguvu kiunoni. Nje walikuwapo akina mama zaidi ya 30 na watoto wanalia. Nikampa vidonge vya vitamini. Akashukuru, akaenda zake.

Mara ya nne aliletwa juu ya baiskeli. Alikuwa na kidonda mguuni ambacho kilianza kwa kuchomwa na mwiba tu, sasa kilikuwa kinanuka. Nikampima sukari katika damu. Kipimo kilisoma 24. Mtu asiye na ugonjwa, akipimwa asubuhi kabla hajala, hafiki 7. Tulimpeleka hospitali, na huko mguu ukakatwa chini ya goti.

Mkewe ndiye aliyenifungua macho. Tulikuwa tumekaa nje ya wodi. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, baba yenu hakuwa na ugonjwa wa mgongo. Mwaka mzima alikuwa akinunua unga kule mnadani." Nikamwuliza, unga wa nini? Mama akatazama chini, akavuta khanga yake. Nikaelewa.

Kosa lilikuwa langu. Mzee yule aliniambia ugonjwa wake mara tatu, kwa maneno ya heshima ambayo mzee hutumia mbele ya mtoto. Neno mgongo mimi nililisikia kama lilivyo kitabuni. Ningempima sukari siku ile ya kwanza, leo angekuwa anatembea kwa miguu miwili. Kwa sababu hiyo naandika habari hii, nayo ina pande mbili: wazee semeni, na sisi waganga tuulize.

Kwanza tuelewe mwili unavyofanya kazi. Wakulima na wafugaji hawahitaji kufundishwa sana jambo hili, maana wanalijua kwa macho. Mnamjua maksai. Fahali akihasiwa akiwa mdogo hukua mtulivu, hagombani, hapandi majike, naye hukubali kufungwa plau. Kitu gani kimeondoka? Korodani zimeondoka, na pamoja nazo imeondoka homoni ya kiume. Homoni ni kama tarishi wa ofisi. Hutengenezwa mahali pamoja, halafu husafiri katika damu kupeleka amri mahali pengine. Homoni hii ya kiume inaitwa testosteroni. Chini ya ubongo iko tezi ndogo kama punje ya njegere. Tezi hiyo huamuru korodani, nazo korodani hutengeneza homoni. Homoni huotesha ndevu, huifanya sauti kuwa nzito, huimarisha misuli na mifupa, husaidia mbegu za uzazi na huleta hamu ya tendo la ndoa.

Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Arnold Berthold, alilionyesha jambo hili mwaka 1849 kwa kutumia kuku. Aliwahasi jogoo wachanga. Wale waliohasiwa tu walikua na kilemba kidogo kichwani, hawakuwika kama jogoo wala hawakupigana. Wengine aliwapandikizia korodani tumboni, mahali pasipo pake. Hao wakawa jogoo kamili, wakawika na kugombania mitetea. Hapo ikajulikana kwamba korodani hutuma kitu katika damu. Kitu chenyewe kilipatikana mwaka 1935 huko Uholanzi, katika maabara ya Ernst Laqueur mjini Amsterdam. Walichukua kilo 100 za korodani za fahali, wakapata miligramu 10 tu za homoni.

Ndugu msomaji, hesabu hiyo usiisahau. Kilo 100 zilitoa miligramu 10. Mwili wa mwanaume mzima hutengeneza kama miligramu 5 hadi 7 kila siku. Maana yake kilo 100 zile hazikuzidi kazi ya mtu mmoja kwa siku mbili. Tena homoni hiyo ikiliwa huenda kwenye ini na huharibiwa huko. Basi yule anayekula supu ya mapumbu ya beberu kila siku ya mnada, na ale kwa sababu ni nyama tamu. Mimi pia huila. Lakini asitegemee kwamba itamrudishia ujana.

Sasa, je, ni kweli homoni hii hupungua kwa uzee? Ni kweli. Lakini haikatiki ghafla. Mwanamke akifika karibu na miaka 50 hedhi hukoma, na uzazi wake hukoma. Kwa mwanaume mambo huenda polepole. Baada ya miaka 40 hupungua kwa kadiri ya 1 katika kila 100 kwa mwaka, na kwa wengine hupungua kidogo zaidi ya hapo au chini ya hapo. Tuchukue mfano wa ghala. Mtu wa miaka 40 ana madebe 100 ghalani. Akifika miaka 70 atakuwa bado na madebe 70 na zaidi kidogo. Je, mwenye madebe 70 ana njaa? Hana. Kweli, hawezi kufanya karamu kila siku kama zamani. Ndiyo sababu mzee wa miaka 70 huweza bado kuzaa, naye hupenda na kupendwa na mkewe, ila huhitaji muda mrefu zaidi, na huhitaji kupumzika zaidi. Huo si ugonjwa.

Ulaya walipima wanaume zaidi ya 3,000 wenye miaka 40 hadi 79, katika miji 8 ya nchi mbalimbali. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Wale waliokuwa na upungufu wa kweli wa homoni pamoja na dalili zake walikuwa kama 2 katika kila 100. Wengi wao walikuwa wanene mno au walikuwa na maradhi mengine. Kwa hiyo mzee akiona nguvu zimemwacha, hasa zikimwacha kwa miezi michache tu, mara nyingi uzee peke yake hautoshi kuwa jibu. Kuna kitu kingine.

Hata miili ya watu wa mahali mbalimbali haifanani. Mwaka 2002 ilitangazwa kazi ya wataalamu waliopima homoni hii katika mate ya wanaume wa Marekani, wa Nepal, wa Paraguay, na Walese wa msitu wa Ituri huko Kongo. Vijana wa Marekani, wanaokula wakashiba na kukaa kitini, walikuwa na homoni nyingi kuliko vijana wengine. Lakini wazee wa nchi zote 4 walikaribiana. Maana yake Mmarekani ndiye huporomoka sana, na mkulima wa Ituri hushuka kidogo tu. Kwa hiyo maneno ya hofu yanayotoka nchi tajiri kuhusu wanaume kuishiwa, tusiyabebe yote kichwani kana kwamba yameandikwa kwa ajili yetu.

Na hapa kwetu Tanzania kuna jambo lililonifurahisha. Mwaka 2009 ilichapishwa habari ya Wahadzabe na Wadatoga, majirani wa upande wa Ziwa Eyasi. Kwa Wahadzabe akina baba hukaa na watoto wao wadogo, huwabeba na kuwachezesha. Baba hao walionekana kuwa na homoni kidogo kuliko wanaume ambao hawajapata watoto. Kwa Wadatoga, ambako baba hakai sana na watoto wachanga, tofauti hiyo haikuonekana. Basi wale vijana wa kijiweni wanaosema kwamba mwenye homoni nyingi ndiye mwanaume, waende kumwuliza baba wa Kihadzabe anayerudi na upinde begani na kumpakata mtoto. Mwili wake umeshuka wenyewe ili alee.

Sasa nirudi kwenye kidonda chenyewe. Watu huchanganya mambo mawili. Moja ni hamu, ambayo ndiyo kazi ya homoni. La pili ni kusimama kwa uume, yaani kile ambacho watu husema kwa mzaha kwamba jogoo hapandi mtungi. Hili la pili ni kazi ya damu na mishipa ya fahamu. Mishipa ya damu hupanuka, damu hujaa, inafungiwa humo. Mishipa hiyo ni myembamba, kama milimita 1 hadi 2. Mishipa inayolisha moyo ni minene zaidi, milimita 3 hadi 4. Fikiri juu ya mifereji ya shamba la mpunga. Tope likianza kuingia, mfereji mdogo huziba kwanza. Ule mkubwa utaziba baadaye. Kwa hiyo mwanaume ambaye mishipa yake imeanza kuharibika kwa sukari, shinikizo la damu, mafuta au tumbaku, mara nyingi ataona dalili chumbani miaka 2 hadi 5 kabla moyo haujamshika. Mungu amempa tangazo mapema. Naye analipeleka tangazo hilo kwa mwuza unga mnadani!

Ugonjwa wa sukari una njia mbili za kumwumiza mwanaume. Huharibu mishipa ya damu, na huua mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu mzee wangu yule hakuusikia mwiba mguuni. Tena sukari na unene hushusha homoni yenyewe, maana mafuta ya tumboni huigeuza homoni ya kiume kuwa ya kike. Dalili za sukari nyingine mnazijua: kiu, kukojoa mara nyingi, kukonda, kuchoka. Lakini mzee anayeamka usiku mara 4 kwenda kukojoa huambiwa ni uzee. Huenda ni sukari. Huenda ni tezi dume iliyovimba. Yote mawili yanataka kuangaliwa.

Shinikizo la damu nalo halina kelele. Mtu anaweza kuwa na 170 kwa 100 akalima hekari nzima bila kuumwa kichwa. Na hapa lazima niseme ukweli ambao sisi waganga huuficha: baadhi ya vidonge vya shinikizo hupunguza nguvu za kiume. Wazee huligundua wenyewe, wakaacha dawa kimyakimya, halafu siku moja mtu anaanguka kiharusi shambani. Kama dawa imekuletea shida hiyo, usiiache. Njoo useme, "Dawa hii imenivunja." Kuna aina nyingine, tutabadilisha.

Pombe, hasa gongo, huumiza ini na korodani pia. Kikombe kimoja huondoa aibu, lakini miaka mingi ya vikombe huondoa nguvu yenyewe. Tumbaku hubana mishipa. Majonzi pia yamo. Mzee aliyefiwa, au ambaye pamba yake imekosa bei na ada za shule zinadaiwa, mwili wake hauwezi kuwa na sherehe. Na tusimsahau mama. Baada ya hedhi kukoma, tendo la ndoa huweza kumwumiza kwa sababu ya ukavu, akawa analikwepa. Mume akadhani mke amemchoka, au ameroga. Nyumba ngapi zimevunjika hivi! Wengine huenda mjini kujipima nguvu kwa mwanamke mwingine, wakarudi na virusi vya Ukimwi na kumletea mama wa watu nyumbani.

Nizungumze sasa juu ya mnada. Kila Jumatano huja kijana mwenye gari na kipaza sauti. Anauza unga, mizizi na chupa ndogo. Sisemi kwamba miti yote ni bure. Kwinini iliyoponya malaria kwa miaka mingi ilitoka katika ganda la mti. Nasema kwamba muuzaji yule hakupimi sukari, hakupimi shinikizo, wala hatakuwapo kijijini mguu wako ukioza. Tena katika nchi nyingi wakaguzi wa dawa wamekuta unga unaoitwa mitishamba umechanganywa kwa siri na dawa ya kiwandani iitwayo sildenafili. Dawa hiyo ni ya kweli, madaktari huitoa, nayo husaidia damu kujaa. Lakini haiongezi homoni. Na mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti akiimeza, shinikizo lake huweza kushuka ghafla akafa. Mzee anayekunywa "mizizi" hajui amekunywa nini, na mimi nikiletewa amezimia sijui nimtibu nini.

Msidhani wajinga wako Afrika tu. Mwaka 1889 mtaalamu mkubwa wa Paris, Charles-Édouard Brown-Séquard, akiwa na miaka 72, alijidunga maji yaliyokamuliwa katika korodani za mbwa na wanyama wengine wadogo. Alitangaza mbele ya wenzake kwamba ujana umemrudia. Leo tunajua maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha. Kilichomwinua ni imani yake. Huko Kansas, Marekani, mtu aitwaye John Brinkley alianza karibu mwaka 1918 kupasua wanaume na kuwapandikizia korodani za mbuzi. Alitoza dola 750 kwa mtu mmoja. Alikuwa hata na kituo chake cha redio cha kujitangaza. Alitajirika sana. Baadhi ya wagonjwa walikufa, na mwaka 1930 alinyang'anywa leseni. Mimi nikisikia kile kipaza sauti cha Jumatano humkumbuka Brinkley na mbuzi wake.

Je, hakuna dawa ya homoni yenyewe? Ipo, ya sindano na ya kupaka. Lakini ni ya wale ambao mwili wao kweli umeshindwa kutengeneza. Mtu wa namna hiyo hupoteza hamu kabisa, ndevu hupungua, nywele za kwapani hutoka, matiti huweza kuvimba, misuli hulegea na mifupa huvunjika kirahisi. Wengine waliugua matubwitubwi ukubwani, korodani zikavimba na kuharibika. Mtu kama huyo tunampa barua aende hospitali kubwa, akapimwe damu asubuhi, kabla ya saa 4, kwa sababu homoni hii huwa juu asubuhi. Hupimwa mara mbili, siku mbalimbali. Zahanati yangu haina kipimo hicho.

Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaamuru watengenezaji waandike wazi kwamba dawa hiyo haijathibitika kwa mtu ambaye homoni yake imeshuka kwa uzee tu. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya wanaume zaidi ya 5,000 wenye upungufu na hatari ya moyo. Dawa haikuzidisha mshtuko wa moyo wala kiharusi, na hiyo ni habari njema. Lakini waliotumia dawa walipata zaidi mapigo ya moyo yasiyo sawa, na damu kuganda mapafuni. Na jambo moja wanaume wengi hawalijui: sindano ya homoni huidanganya ile tezi ya kichwani, ikadhani kazi imekwisha, na korodani zikaacha kutoa mbegu. Mtu anatafuta mtoto, anajidunga, anajifunga uzazi mwenyewe.

Sasa nitoe maoni yangu, wakubwa wanisamehe. Zahanati zetu tumezifanya nyumba za mama na mtoto. Hilo ni jema, na limeokoa watoto wengi. Lakini baba hana siku yake. Anakuja akiwa amebebwa. Mzee akija mwenyewe hukaa benchi moja na wakwe zake, wanawe na mke wa jirani. Atasema nini hapo isipokuwa mgongo? Mimi naona kila zahanati iwe na nusu siku moja kwa wiki ya wanaume waliopita miaka 40. Wapimwe shinikizo, sukari na uzito. Na kila mmoja aulizwe, mlango ukiwa umefungwa, "Baba, na mambo ya nyumbani yakoje?" Tusingoje aseme. Swali lianze kwetu.

Wako watakaosema ni aibu. Nawakumbusha mwaka 1973. Mwaka ule kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wa vijijini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili kichocho, kuhara na minyoo, wakaenda kuchimba vyoo. Kabla ya hapo, baba kuzungumza habari ya choo mbele ya mkwewe ilikuwa aibu kubwa. Walizungumza. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku zile sasa amepita 70. Ninyi ndio mlioshinda aibu ya choo, baba zangu. Hii nayo ni ya kuzungumzwa namna ile ile.

Na kama mdomo hauwezi, iko njia ya zamani. Mzee mmoja alimtuma mtani wake. Mtani akaingia chumbani kwangu akicheka, akasema, "Daktari, yule rafiki yangu pale nje amekwisha, mtazame kabla sijamrithi mke." Tulicheka sote, mzee akaingia, nikampima. Shinikizo lilikuwa 180 kwa 110. Sasa anatumia dawa, amepunguza chumvi na ameacha sigara. Mambo ya nyumbani anasema si kama ya ujana, lakini mama halalamiki. Mwingine atamtuma mkewe, na hilo ndilo bora zaidi, maana ugonjwa huu ni wa watu wawili.

Hapa kwetu tumeanza Alhamisi mchana, baada ya kukubaliana katika mkutano wa kijiji. Alhamisi ya kwanza alikuja mtu mmoja, naye alitaka dawa ya mbuzi wake. Alhamisi ya pili hakuja mtu. Ndipo yule mzee wangu wa mguu mmoja alipoletwa na mjukuu wake, akawekewa kiti chini ya mwembe karibu na mlango. Hakuhutubia. Alikaa tu na gongo lake la kutembelea. Waliompitia kumsalimu aliwauliza wanakwenda wapi, na waliojibu kwamba mgongo unawauma aliwaonyesha mahali pa kukaa wangoje.

Alhamisi iliyopita walikuja wanaume 11. Wawili sukari yao ilikuwa juu, watatu shinikizo. Vijiti vya kupimia sukari viliisha saa 9, watu wanne wakarudi nyumbani bila kupimwa. Tumeandika barua wilayani kuomba vingine, na mwenyekiti wa kijiji ameipeleka mwenyewe. Wale wanne nimeandika majina yao daftarini, nao wameahidi kurudi Alhamisi hii.